Sura ya Tisa: Mlango Uliofunguliwa Saa Nane Usiku

Inspekta Elkana Ogweno alikuwa amemtia mtu pingu kwa mikono yake mwenyewe, na sasa alikuwa na mpaka saa sita mchana kujua kama alimwonea. Saa sita kamili gari la polisi lingeondoka kwenye kituo kidogo cha Nyangoto likimpeleka Waisiko Musoma kusomewa shtaka la mauaji. Shtaka hilo halina dhamana. Mtu akiingia humo kwa kosa lisilo lake, akitoka hutoka na mvi, na wapo wasiotoka kabisa.

Kesi yenyewe ilionekana nyepesi mno, na hapo ndipo Ogweno alipojikwaa. Usiku wa kuamkia tarehe kumi Machi, Okal, mlinzi wa mtambo wa kuchenjua dhahabu wa mzee Mogesi, alipigwa nondo ya kisogo. Mifuko mitano ya kaboni ikatoweka. Kaboni ni punje nyeusi tu, ukiziona utadhani mkaa uliosagwa, lakini zikishanyonya dhahabu kwenye matangi ya mtambo watu huuana kwa ajili yake. Daktari alisema Okal alikufa kati ya saa nane na saa kumi za usiku. Maiti ilikutwa nyuma ya matangi saa tatu asubuhi, na aliyepiga yowe la kwanza ni Joram, msimamizi wa mtambo.

Chumba cha kaboni kina mlango mmoja wa chuma, na mlango huo hufunguliwa kwa kadi. Kila kadi ikigusa, kompyuta ya ofisini huandika jina la mwenye kadi, tarehe na saa. Joram ndiye aliyetoa ukurasa kutoka kwenye kompyuta na kuuleta kituoni ukiwa bado na joto la mashine. Ukurasa ulisema kadi ya Waisiko, fundi wa matangi, ilifungua mlango saa nane na dakika kumi na nne za usiku. Waisiko aliapa kwamba hakuingia usiku, aliingia asubuhi alipofika kazini, akawasha hita kama kila siku, akatoka bila kuhesabu mifuko kwa sababu si kazi yake. Lakini ukurasa haukuwa na Waisiko wa asubuhi. Ulikuwa na Waisiko wa usiku peke yake, na Ogweno akafunga pingu.

Hiyo ilikuwa siku kumi na moja zilizopita. Tangu hapo alikuwa amepekua nyumba ya Waisiko mara mbili, akachimba hadi zizi la mbuzi, asipate hata punje moja nyeusi. Ndugu wa marehemu walikuwa wamefika kwa Waisiko na dumu la mafuta ya taa, wakazuiliwa na mwenyekiti wa kijiji, na Rhobi, mke wa Waisiko, akawapeleka watoto kwa mama yake huko Kemambo. Kijijini walishaanza kusema kwamba Mjaluo ameuawa, basi inspekta Mjaluo amejitafutia Mkurya wa kumlipa. Halafu wakili wa serikali akaurudisha ukurasa ule na ujumbe mfupi: alitaka kumbukumbu za mlango za mwezi mzima, na alizitaka kabla mshtakiwa hajafika Musoma.

Joram alisema haiwezekani, kompyuta inagoma. Ogweno akampigia simu fundi aliyeifunga.

---

Fundi huyo alikuwa Vivian, binti wa Sirari mwenye duka lake hatua chache kutoka mpakani, mama yake upande wa huku na baba upande wa Kenya. Alikuwa amekwisha kufika ofisini kwa Mogesi, mkoba wake wa nyaya uko sakafuni. Pembeni yake alisimama mzee Nashoni, karani wa mtambo, mtu wa miaka sitini na ushee, shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni.

"Shikamoo, afande," Vivian alisema bila kuinuka.

"Marahaba. Umeona nini?"

"Bado. Ndio inawaka."

Ogweno alivuta kiti. Nje ya dirisha, kwenye tofali lililogeuzwa, Rhobi alikuwa ameketi tangu alfajiri, kitenge kichwani, hajala. Ogweno alimwona na akageuza uso. Kwenye kona ya chini ya kioo cha kompyuta palisomeka 03:05. Saa tatu na dakika tano, alijisemea, zimebaki saa tatu kasoro dakika tano gari liondoke.

Vivian alifungua programu ya mlango. Ilikuwa programu ya kizamani, rangi yake ya kijivu, maandishi yote ya Kiingereza. Akaomba kumbukumbu za Machi. Siku za mwanzo zilitiririka vizuri, mistari ikifuatana. Ilipofika tarehe kumi na mbili ikasimama, na katikati ya kioo kikatokea kisanduku chenye alama nyekundu.

"Inasema nini?" Ogweno aliuliza.

"Inasema hiyo tarehe haiko duniani."

"Tarehe kumi na tatu Machi haiko duniani?"

"Kwake haiko." Vivian alijaribu Februari. Ikaenda hadi tarehe kumi na mbili, ikagoma pale pale. Akajaribu Januari, na Januari ikatoka nzima hadi thelathini na moja. Akajiegemeza nyuma, akacheka peke yake. "Aki ya Mungu. Afande, hii ni mimi."

"Wewe umefanya nini?"

"Kompyuta ya zamani ilikufa Februari mwanzoni. Nikaleta hii mpya, nikahamisha programu, nikairudishia kumbukumbu zake za nyuma, zile zilikuwa zimeshapangwa na mashine ya zamani, ndio maana Januari inatoka. Mzee Nashoni akaniambia Kiingereza kinamchosha, si uweke Kiswahili? Nikaenda kwa mipangilio, nikaweka Kiswahili, Kenya. Ndiyo ya kwanza kwa orodha."

"Kweli, afande," Nashoni alisema. "Nilimwomba mimi. Mambo yakawa mazuri kabisa. Kila kitu nakisoma."

"Sasa shida ni hii," Vivian aliendelea. "Ukibadilisha lugha ya kompyuta, haibadilishi maneno peke yake. Inabadilisha na vile inaandika tarehe. Kiswahili inaweka siku mbele, mwezi nyuma. Na hii programu ni ya kitambo, aliyeitengeneza ni mtu wa Amerika, anataka mwezi mbele. Ukiipa kumi na tatu, inafikiri ni mwezi wa kumi na tatu. Hakuna mwezi wa kumi na tatu, kwa hivyo inakufa."

Ogweno aliinuka taratibu. "Ngoja. Na tarehe kumi Machi?"

"Kumi inapita, kwa sababu mwezi wa kumi upo."

"Kwa hiyo inaisoma kama tarehe tatu mwezi wa kumi?"

"Inaweza."

"Basi ule ukurasa hautuambii ni siku gani!" Alipiga meza kwa kiganja, kalamu za Nashoni zikatikisika mfukoni. "Hauna maana! Hauwezi kumfunga mtu!"

Mfa maji haachi kutapatapa. Vivian alimtazama kwa huruma kidogo, ile huruma ya fundi kwa mteja ambaye ameshafurahi kabla kifaa hakijapona. "Wacha kwanza niirudishe Kiingereza cha Amerika, afande. Kumbukumbu zenyewe ziko ndani, hazijaguswa. Ni kusoma tu ndiko kumevurugika."

Alibofya, akazima, akawasha. Mashine ile ilichukua muda wake, asubuhi ikazidi kwenda, na Ogweno alitembea kutoka ukutani hadi ukutani. Ilipowaka, Vivian aliomba Machi tena. Safari hii mistari haikusimama. Ilipita kumi na mbili, kumi na tatu, ikaja hadi ishirini na moja, siku ya leo. Printa ikaanza kutema karatasi.

Ogweno alichukua ya kwanza aliyoihitaji, akapitisha kidole. Tarehe tisa. Tarehe kumi. Kidole kikasimama.

Waisiko. Tarehe kumi Machi. Saa nane na dakika kumi na nne, na mbele yake zile herufi za Kiingereza za kuonyesha kwamba saa sita za mchana hazijafika. Yaani usiku. Hakuna herufi iliyokuwa imehama.

"Pole, afande," Vivian alisema.

Ogweno aliiweka karatasi mezani, akatoka nje. Maji yalikuwa yamezidi unga. Alikuwa amekuja kutafuta ufa wa kumtolea Waisiko, na badala yake alikuwa ameziba ule mmoja uliokuwepo: sasa wakili wa serikali angepata mwezi mzima, umenyooka, umepigwa chapa, na jina la Waisiko ndani yake.

---

Rhobi alisimama alipomwona.

"Shikamoo, baba. Mmepata?"

"Marahaba, mama. Kaa tu."

"Nimekaa siku kumi na moja." Alikuwa na sauti ya chini, ya mtu aliyelia akamaliza. "Niambie. Anaenda?"

"Karatasi bado inasema aliingia saa nane usiku."

"Karatasi." Rhobi alitikisa kichwa. "Baba, mimi nina mashine ya kusaga. Siku ile umeme ulikatika jua linazama, mashine ikasimama na mahindi ya watu yako nusu. Waisiko alishika tochi pale, tunangoja. Umeme umerudi saa nne kasoro. Tumesaga mahindi ya watu mpaka saa sita, unga mpaka kwenye kope. Mtu amelala saa saba amechoka hivyo, ameamka saa nane anaua? Anaua na nguvu gani?"

Maneno haya Ogweno alikwisha kuyasikia. Aliyaandika siku ya kwanza, akayaweka kwenye fungu la maneno ya wake wa watuhumiwa, ambayo kila askari ana fungu lake. Lakini leo alikuwa ametoka kutazama karatasi iliyo nzima, na sikio lake likanasa kitu kingine.

"Umeme ulikatika Nyangoto yote?"

"Yote. Hata hapa. Waulize wanaochimba huko, walipanda na mishumaa."

"Jua linazama mpaka saa nne."

"Kasoro. Saa nne kasoro."

Na yeye mwenyewe alikumbuka. Jioni hiyo alikuwa kituoni, akila wali gizani, akilaani. Aligeuka akarudi ndani karibu anakimbia.

"Vivian, umeme ukikatika hii kompyuta inakuwaje?"

"Inazimika. Ukirudi inawaka yenyewe. Haina betri, haina jenereta, hata intaneti haina."

"Na inaandika?"

"Inaandika. Ikiwaka, inaweka mstari: nilizimika saa hii, nimewaka saa hii."

"Na mlango?"

"Bila umeme mlango haufunguki kwa kadi. Hauwezi."

Ogweno aliitandaza karatasi ya tarehe tisa juu ya meza. Alitafuta jioni. Hakuona mstari wa kuzimika wala wa kuwaka. Alichokiona kilimfanya ainame zaidi, pua karibu na karatasi: saa mbili na dakika arobaini na saba za usiku, kadi ya Joram imefungua mlango wa kaboni. Jambo hilo halikuwa siri. Joram mwenyewe aliliandika kwenye maelezo yake, kwamba alirudi baada ya chakula kufunga koki moja iliyokuwa inavuja, akaondoka. Lakini saa mbili na dakika arobaini na saba usiku Nyangoto yote ilikuwa giza totoro, na mlango bila umeme haufunguki.

"Haiwezekani," alisema. "Umeme ulikatika jioni hii. Mstari wa kuzimika uko wapi? Mzee Nashoni, wewe unakumbuka umeme kukatika siku ile?"

"Nakumbuka sana. Nilikuwa nafunga ofisi." Nashoni alivaa miwani, akasogea, akainama juu ya karatasi kwa adabu kama anayesoma barua ya mtu. "Mbona upo, afande? Huu hapa. Umekatika saa kumi na mbili na nusu. Na huu hapa, umerudi saa nne kasoro dakika kumi."

Ogweno alifuata ukucha wa mzee. Palikuwa pameandikwa 12:30, na chini yake 3:50. Zote mbili zilikuwa na herufi za mchana.

"Mzee, hiyo ni saa sita na nusu mchana. Na hiyo ni saa kumi kasoro za alasiri."

"Hapana, afande." Nashoni alitabasamu kidogo, kama anamsahihisha mtoto wa ndugu yake bila kumwaibisha. "Kumi na mbili na nusu. Na tatu na dakika hamsini. Si hivyo?"

Printa ilimaliza karatasi yake ya mwisho.

Ogweno aliinua macho taratibu hadi kwenye kona ya kioo cha kompyuta. Sasa palisomeka 5:36.

"Mzee Nashoni," aliuliza. "Sasa hivi ni saa ngapi?"

"Saa tano na dakika thelathini na sita."

"Umeisoma wapi?"

"Hapo." Mzee alionyesha kona ya kioo.

Ogweno alitoa simu yake mfukoni akaiweka mezani. Simu ilisema 11:36.

Vivian ndiye aliyeguta. "Ngai! Masaa sita! Imerudi nyuma masaa sita!" Akamgeukia Nashoni. "Mzee, mimi hiyo saa sikuigusa. Niliiacha sawa. Nani ameigusa?"

Nashoni aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine. "Niliirekebisha mimi."

"Lini?"

"Siku ile ile uliyoweka Kiswahili. Ulipoondoka nikaona maneno yote yamekuwa Kiswahili, lakini saa imebaki ya Kizungu. Ni saa mbili asubuhi, yenyewe inasema nane. Nikasema huyu binti amesahau. Nikaenda pale panapobadilishwa saa, nikaiweka mbili. Maana kitu kikiwa cha Kiswahili, na saa yake iwe ya Kiswahili." Alivua miwani. "Nimefanya vibaya?"

Ogweno alikaa. Mwezi mmoja na zaidi mashine ile ilikuwa imewaambia watu wa ofisi hii saa zilizo sawa kabisa machoni mwao, kutwa nzima, na hakuna aliyeshtuka, kwa maana hakukuwa na cha kushtua. Yeye mwenyewe aliingia hapa asubuhi, akaona tatu na dakika tano, akasema ni saa tatu na dakika tano. Mtu mmoja tu ndiye aliyesoma mashine hiyo kizungu, na alikuwa askari, kwa sababu karatasi ikiingia kwenye jalada husomwa kizungu.

Alichukua kalamu moja kutoka mfukoni mwa Nashoni bila kuomba. Akaongeza saa sita kwenye mstari wa kuzimika, ukaangukia jioni, jua linazama. Akaongeza sita kwenye mstari wa kuwaka, ukaangukia saa nne kasoro kumi usiku, sawasawa na mahindi ya Rhobi. Akaongeza sita kwa Waisiko. Mlango ulifunguliwa saa mbili na dakika kumi na nne asubuhi.

Ukabaki mstari wa mwisho. Akaongeza sita kwa Joram. Saa mbili na dakika arobaini na saba za usiku wa tarehe tisa zikasogea zikavuka saa sita usiku, zikatua tarehe kumi, saa tisa kasoro dakika kumi na tatu. Ndani ya muda ule aliosema daktari, kati ya saa nane na saa kumi.

"Nyasaye," Ogweno alimwita Mungu kwa Kijaluo, kwa sauti ndogo.

---

Alimpigia Koplo Waitara aliyekuwa zamu kituoni. Simu haikupatikana. Akapiga tena, haikupatikana. Mtandao wa Nyangoto una siku zake, na leo ilikuwa moja ya siku hizo. Ilikuwa saa sita kasoro dakika ishirini. Kwa miguu kituo kilikuwa mbali, na gari lake lilikuwa ndilo lile lile litakalompeleka Waisiko Musoma.

"Vivian, piga namba hii na laini yako ya Kenya. Usiache kupiga. Mzee Nashoni, niitie Joram. Mwambie nataka sahihi yake tu, na usimwambie zaidi."

Nashoni alitoka. Vivian alisimama dirishani, simu sikioni.

Joram aliingia akipangusa mikono kwa kitambaa, mtu wa makamo, mchangamfu, wa kwanza kumpa kila mgeni soda. "Afande! Imekubali?"

"Imekubali. Ilikuwa mambo ya lugha tu. Wakili anataka nikamilishe maelezo yako, kuna sehemu niliandika kwa haraka. Ile jioni uliporudi kufunga koki, ilikuwa saa mbili na dakika arobaini na saba."

"Kama karatasi inavyosema."

"Okal ulimkuta?"

"Nilimkuta. Mzima kabisa."

"Anafanya nini?"

Joram hakufikiri hata kidogo. "Amekaa getini pale, chini ya taa, anasikiliza redio yake. Tukasalimiana. Masikini."

"Chini ya taa."

"Chini ya taa, afande."

Ogweno aliandika maneno hayo kama yalivyo, akamgeuzia karatasi, akampa kalamu ya Nashoni. Joram akasaini, mkono mwepesi. Njia ya mwongo ni fupi, lakini Ogweno hakuwahi kuiona imekuwa fupi hivi.

"Jioni hiyo umeme ulikatika, Joram. Toka jua linazama mpaka saa nne. Kijiji kizima kinajua."

Kitambaa kilisimama mikononi mwa Joram. "Basi nimechanganya. Labda ilikuwa baada ya umeme kurudi."

"Baada ya kurudi karatasi isingeandika saa mbili. Na bila umeme mlango usingefunguka. Kwa hiyo uliingia lini?"

Joram alimtazama Nashoni aliyekuwa mlangoni. Halafu macho yake, yenyewe, bila kutumwa, yakaenda kwenye kona ya kioo cha kompyuta.

"Ulijua," Ogweno alisema. "Ulipotoa ule ukurasa uliona jina lako limeandikwa jioni, wakati wewe unajua uliingia saa ngapi. Ukaona na la Waisiko limetupwa usiku. Hukubadilisha kitu. Ulikaa kimya tu, ukaniletea mimi nikasome."

"Karatasi umesoma wewe, afande," Joram alisema, na uchangamfu wote ulikuwa umemtoka. "Mimi nilileta kesi gani? Nilileta karatasi."

Ogweno alimfunga pingu. Zilikuwa zile zile alizomfunga Waisiko siku ile ya kwanza. Alipomaliza kuzikaza aligundua kwamba Joram hakuwa amesema uongo katika neno hilo la mwisho, na likamchoma.

"Imeita!" Vivian aliruka. "Afande, imeita! Chukua!"

Ogweno aliinyakua simu. "Waitara! Gari liko wapi?"

"Linaondoka, afande. Yumo ndani, dereva ameshawasha."

"Mteremshe."

"Afande, mkuu wa upelelezi wa Musoma ameshapiga simu mara mbili, anamsubiri. Nitamwambia nini?"

"Mwambie mimi nimesema. Mteremshe mtu huyo sasa hivi, umfungue mikono, umpe chai. Halafu gari lije hapa mtamboni, kuna mwingine wa kubeba. Umesikia? Nataka kumsikia mwenyewe anashuka."

Alisikia sauti za mbali, mlango wa gari, mtu akiuliza kwa Kikurya kuna nini. Halafu sauti ya Waisiko, nyembamba, ikisema hata hawezi kusimama, miguu imekufa ganzi. Ogweno aliegemeza paji la uso kwenye ukuta wa ofisi. Nyuma yake mzee Nashoni alikuwa amekaa sakafuni, miwani mkononi, akirudia peke yake kwamba alitaka iwe sawa tu, alitaka kila kitu kiwe sawa.

---

Rhobi alikuwa amesikia. Dirisha halikuwa na kioo.

Ogweno alitoka akasimama mbele yake. Kulikuwa na ujumbe wa kupeleka Musoma, kulikuwa na mifuko mitano ya kaboni ambayo bado hakujua iko wapi, kulikuwa na Joram wa kuhojiwa kabla hajapata akili ya kunyamaza. Yote hayo yangengoja.

"Anarudi nyumbani leo," alimwambia. "Nitampeleka mwenyewe. Na nitapita kwa ndugu za Okal, niwaambie kwa mdomo wangu."

Rhobi hakupiga vigelegele wala hakulia. Alishusha kitenge kutoka kichwani, akakikunja juu ya magoti.

"Ilikuwa saa," alisema. "Nimesikia. Ilikuwa saa ya kompyuta."

"Ilikuwa saa."

"Siku ya kwanza ulipomshika, alikuambia aliingia saa ngapi?"

Ogweno hakuhitaji kufungua jalada. Aliyaandika yeye, kwa mwandiko wake. "Saa mbili na robo."

"Na karatasi ilikuwa imeandikwa ngapi?"

"Mbili na dakika kumi na nne."

Rhobi alimtazama. Hakukuwa na hasira machoni mwake, na afadhali ingekuwepo.

"Afande," alisema. Asubuhi nzima alikuwa amemwita baba. "Huko nyumbani kwako, mkeo akikuuliza saa ngapi sasa, huwa unamjibuje?"

Kule barabarani gari lilianza kusikika likija. Ogweno aliligeukia, kisha akamgeukia Rhobi.

"Kama Waisiko," alisema.